Aliyeumia Kichwa Asiachwe Alale Tu

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali nyingine, tulipokea kijana aliyeanguka na pikipiki. Alinuka rubisi, na juu ya sikio alikuwa na jeraha dogo. Niliandika "amelewa", tukamwacha alale. Alfajiri mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka. Hatukumwokoa.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo ukivimba, au damu ikivujia ndani, shinikizo hupanda na damu safi hushindwa kuufikia ubongo. Kwa kawaida shinikizo hilo halizidi milimita 15 za zebaki. Likipita 22 madaktari hulitibu. Kulipima hasa ni kutoboa fuvu na kupitisha kijibomba, kazi ya mabingwa, nao wako mbali. Kutoka Nyabiyonza hadi Bugando, Mwanza, ni safari ndefu.

Je, tukae tu? Hapana. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 324 wa Bolivia na Ekuado. Waliowekewa kijibomba hawakupona zaidi ya wale waliofuatiliwa kwa kuchunguzwa mwili na kupigwa picha za CT. Lakini wote walilazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, basi asije mtu akasema kijibomba hakina kazi.

Ipo pia altrasaundi, mashine ileile ya mama wajawazito. Huwekwa taratibu juu ya kope iliyofumbwa, ukapimwa upana wa ala ya mshipa wa fahamu wa jicho. Ukizidi milimita 5 hivi, tunashuku shinikizo. Inataka mtu aliyefunzwa, na jicho lililopasuka haliguswi.

Sisi wauguzi tuna tochi, saa, kipimo cha presha na alama za Glasgow za mwaka 1974: anafumbuaje macho, anasemaje, anasogezaje viungo. Jumla ni 3 hadi 15. 8 kushuka chini ni hatari kubwa. Presha ikipanda huku mapigo ya moyo yakipungua, tumechelewa. Ndiyo maana siku hizi namwamsha kila mmoja, hata akinitukana.

Nanyi mkiruhusiwa kurudi naye nyumbani, usiku wa kwanza mwamsheni kila baada ya saa mbili, mwulizeni jina lake na yuko wapi. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au asipoamka, mrudisheni usiku huohuo, msingoje kukuche.