Bampa lilinitia aibu ukweni

Hebu nikuulize swali la kichokozi, mpenzi msomaji. Yale maplastiki meusi ya nje ya gari lenu, bampa, mikanda ya milangoni, vifuniko vya juu ya matairi, mara ya mwisho yalikuwa meusi kweli lini? Simaanishi Ijumaa jioni baada ya vijana kuyapaka. Namaanisha Jumatano.

Mimi naishi Mbeya, mume wangu alihamishiwa kazi Iringa. Gari letu, RAV4 nyeupe yenye bampa nyeusi isiyopakwa rangi, lilibaki kwangu. Yeye anakuja kila mwisho wa mwezi kwa basi, na gari hilo ndilo kitu cha kwanza anachokikagua, hata kabla ya kunisalimia vizuri (wanaume jamani!). Basi nikawa na utaratibu wangu. Ijumaa mchana nalipeleka kwa vijana wanaoosha magari, wananipigia plastiki zote zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee anashuka stendi, anatabasamu, tunakwenda zetu nyumbani. Jumapili anaondoka. Jumanne bampa limerudi kuwa la kijivu, lina mabaka meupe kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta.

Miezi saba nilicheza mchezo huo.

Desemba 2023 wifi yangu alikuwa na sendofu Iringa. Nikalipaka gari asubuhi, nikaondoka. Uyole, Igurusi, Chimala, hadi Makambako jua kali. Nilipoingia kwenye misitu ya Sao Hill, ukungu ukashuka na mvua ikaanza, nayo haikuacha mpaka Mafinga. Nilipoegesha kwa mama mkwe, Kihesa, sikuangalia gari. Nilikuwa na haraka ya kubadilisha nguo.

Mama mkwe alitoka na gauni lake la rangi ya maziwa, sare ya mama wa binti, ameshonesha kwa miezi miwili. Akaegemea ubavu wa gari ili avae kiatu vizuri. Alipojinyanyua alikuwa na mstari mweusi kuanzia kiunoni hadi karibu na goti, mafuta matupu. Ndipo nikaliona gari. Michirizi ya uji mweusi ilikuwa imetiririka kutoka kwenye plastiki ikashuka juu ya rangi nyeupe, milango yote minne. Wee acha tu. Mama wa watu aliingia ukumbini amejifunga khanga juu ya gauni la sherehe.

Hakunisema. Mume wangu naye alinyamaza mpaka usiku, kisha akauliza kwa upole, ule upole unaouma: "Kwa hiyo kila nikija huwa unanipakia mafuta tu?" Nikakubali. Akauliza tena: "Na kingine ni kipi kinachopakwa nikija?"

Hapo ikabidi niseme. Gari halikuwa likishinda kivulini ofisini kama alivyodhani. Kwa nusu mwaka nilikuwa nabeba mchele kutoka Igurusi kuleta Mwanjelwa, biashara yangu ndogo ambayo sikumwambia kwa sababu nilijua angesema gari litachakaa. Linashinda juani sokoni kutwa nzima, magunia yanakwaruza bampa la nyuma, vumbi halina mfano. Tuliongea hadi saa nane usiku. Yote aliyoyasema siyaandiki hapa, ila alimalizia hivi: "Biashara endelea nayo. Lakini hilo bampa ulitengeneze kweli, na nikija nilione lilivyo."

Ndipo nikaanza kusoma na kuulizia, na nikagundua nilikuwa mjinga wa gharama kubwa.

Plastiki zile kwa magari mengi ni aina iitwayo polipropilini, na weusi wake umechanganywa humo humo, ni unga wa kaboni kama ule unaofanya tairi kuwa jeusi. Si rangi ya juu. Kinachotokea ni kwamba mionzi ya jua, ile ya urujuanimno, inavunja-vunja ngozi ya juu ya plastiki. Inakauka, inapata vinyufa vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukipiga hapo unatawanyika, tunaona ukijivu. Ukiweka kimiminika chochote, hata maji, vinyufa vinajaa na weusi unarudi. Ndiyo maana kila dawa "inafanya kazi" siku ya kwanza. Hata mate yangefanya kazi.

Na sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini baridi inatudanganya. Mbeya mjini ni takriban mita 1700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya 1500. Kila mita 1000 unazopanda, mionzi hiyo inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Umevaa sweta la Juni, lakini bampa lako linaungua kuliko la mwenzako wa Dar.

Sasa nilichokuwa napakiwa ni nini? Nilipombana kijana mmoja alicheka akasema, "Dada, si oili chafu na dizeli kidogo." Haya! Oili iliyotoka kwenye injini ya mtu. Inashika vumbi kama gundi, inaosheka na mvua ya kwanza, na mbaya zaidi ina sumu zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika kila siku. Vijana wale wanaipaka kwa mikono mitupu. Kama huna huruma na gari lako, waonee huruma wao.

Nikaamua kufanya majaribio. Januari 2024 niliazima banda la jirani kwa sababu ya mvua, nikaligawa bampa la nyuma mapande manne kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Pande la kwanza oili yao, kwa ajili ya ushahidi. La pili ile polishi ya dashibodi ya kupuliza, yenye harufu ya ndimu, inayouzwa kila duka la vipuri. La tatu dawa nyeupe kama maziwa, ya maji, iliyoandikwa kwamba ni ya plastiki za nje. La nne nililiumia kwelikweli mfukoni: kichupa cha mililita 30 cha dawa ya seramiki, nilichoagizia kwa mtu aliyekuwa anatoka Dar. Ni jamii moja na CarPro DLUX au Gtechniq C4 ambazo wapenda magari wanazijua. Hiyo haikai juu kama mafuta. Inakauka na kuwa ngumu, inajishikiza kwenye plastiki yenyewe.

Oili iliondoka na mvua ya siku ya pili. Polishi ya dashibodi ilisukuma siku kumi, ikaacha vumbi limeganda. Ni silikoni ya kung'arisha tu, na kwa taarifa yako hata ndani usiipake kwenye usukani wala pedali, mguu utateleza. Ile ya maziwa nilishangaa, haikung'aa sana lakini ilikuwa kavu mkononi na ilifika wiki ya tano. Bei yake ndogo. Kwa asiyetaka makuu, anunue hiyo na akubali kurudia kila mwezi.

La nne ndilo lililonifanya niandike makala haya. Pasaka ilipita, masika yakapita, baridi na upepo wa Julai ukapita. Agosti nilipeleka mchele kwenye Nanenane, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, vumbi la kufa mtu. Niliporudi nikamwagia maji, vumbi lote likaondoka, pande lile jeusi tii kama siku ya kwanza, yale mengine matatu kijivu. Bampa lilionekana kituko, lakini nilikataa kuliosha kwa siku tatu ili mume wangu alione mwenyewe.

Lakini nikuonye. Dawa hii haisamehi uvivu. Lazima plastiki iwe tupu kabisa, bila chembe ya mafuta ya zamani, la sivyo inashika yale mafuta na inaondoka nayo. Mimi nilisugua kwa mswaki laini na sabuni ya maji ya vyombo mara nne, mpaka povu lilipoacha kutoka jeusi. Nikaacha likauke hata kwenye maungio, maana maji yanajificha pale na kuchungulia baadaye. Nikafuta kwa spiriti. Kisha dawa kidogo sana kwenye sponji, sehemu ndogo ndogo, na kufuta ziada kabla haijakauka. Ukiacha tone limegandia, ndiyo limegandia, mpaka usugue kwa msasa. Gari lilale ndani, lisiguswe na maji hadi kesho yake. Na wakati wa kuosha, kataa sabuni ya unga. Vijana wanaipenda kwa povu lake, ila inakula dawa yoyote utakayopaka.

Dukani usidanganyike na neno "mng'ao". Tafuta chupa inayosema wazi ni ya plastiki za nje na kwamba inazuia mionzi ya jua. Ukiweza paka tone kwenye kona, lipe muda likauke, kisha futa kwa karatasi nyeupe ya chooni. Karatasi ikitoka na mafuta, mvua nayo itatoka nayo. Wapo pia mafundi wanaopitisha moto juu ya plastiki ili weusi urudi. Unarudi kweli, kwa miezi michache, kama hawajaliyeyusha. Na plastiki iliyopasuka au kuliwa na magunia kama kona yangu ya kushoto, hakuna dawa, ni kununua bampa lingine.

Septemba mume wangu alikuja, Alhamisi, bila kunitaarifu. Gari lilikuwa na vumbi la soko na punje za mchele kwenye siti. Akapitisha kidole juu ya bampa, akakiangalia, akakipitisha kwenye shati lake jeupe. Hakikuacha kitu. Tuliyamaliza mapande matatu yaliyobaki pamoja Jumamosi ile, yeye akisugua na mimi nikipaka, watoto wakipigana na bomba la maji.

Krismasi tukaenda Iringa. Mvua ilitunyeshea tena Sao Hill, kama kawaida yake. Mama mkwe alitoka nje, "Kamwene," akanikumbatia, akazunguka gari polepole. Alikuwa amevaa gauni lile lile la rangi ya maziwa, doa bado linaonekana kwa mbali ukilijua.

"Hili linatoa rangi, mwanangu?"

"Halitoi, mama."

Akanitazama kidogo. Akatoa leso, akafuta kwanza, akaikunjua kuikagua pande zote mbili. Kisha akaegemea.