Vazi la Pangoni Lifuate Pango

Miongozo mingi ya mavazi ya pangoni imeandikwa Ulaya na Marekani, na wapo wasomaji wetu wanaoipokea kama ilivyo: nguo nzito ya ndani, ovaroli ya nailoni, soksi nene za sufu. Upande wa pili wapo wanaoona hayo yote ni mbwembwe. Hao walishakwenda mapango ya Amboni, Tanga, na jinzi na kandambili, wakapiga picha, wakatoka salama. Makundi haya mawili yanabishana, lakini kosa lao ni moja: yote yanachukulia kwamba pango ni pango tu. Kabla hujauliza uvae nini, uliza pango liko mwinuko gani, mwamba wake ni wa aina gani, na ndani wanaishi wanyama gani. Ukishapata majibu hayo, sanduku la nguo halitakusumbua.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Inasemwa kwamba pangoni kuna baridi. Kwa Mwingereza ni kweli, kwa mtu wa Tanga sivyo. Mwamba hupitisha joto polepole mno, kwa hiyo jua la mchana, ubaridi wa usiku, kiangazi na masika hufifia kabla havijafika mbali chini ya ardhi. Kinachobaki kule ndani, mbali na mdomo wa pango, ni takribani wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo. Wastani wa Tanga ni kama nyuzijoto 26, ndiyo maana sehemu za ndani za Amboni zina fukuto, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki. Sasa nenda pango la Kitum katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako tembo huingia gizani kuchimba chumvi ukutani. Huko joto ni nyuzi 13 au 14 hivi. Anayetoka Mombasa na kuingia Kitum na fulana moja atatetemeka baada ya muda mfupi, na anayeingia Amboni na sweta la Elgon anaweza kuzidiwa na joto.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua suala la kitambaa. Wapandaji milima wana chuki na pamba, na katika pango la baridi chuki hiyo ina haki. Pamba hunyonya maji na kuyashikilia, nayo maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa tulivu, takribani mara 25. Jinzi ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Ikilowa huwa nzito, hung'ang'ania paja, na mtu akichuchumaa kupita chini ya mwamba humkaza gotini mpaka hawezi kukunja mguu vizuri. Kwa Elgon vaa sufu, ambayo hutunza joto hata ikiwa na unyevu, au lile sweta jepesi la polista lenye manyoya ndani, linalopatikana kwenye mitumba ya mji wowote. Pwani ni habari nyingine. Shati la pamba la mikono mirefu halina ubaya wowote Amboni, kwa sababu hatari ya kupoa haipo. Mikono iwe mirefu kwa ajili ya michubuko, suruali iwe pana na nyepesi, na chupa ya maji isisahaulike.

Baada ya hewa, mwamba. Amboni ni mawe ya chokaa, yaliyolainishwa na maji na kupakwa tope, na kwenye mwamba wa namna hiyo kisigino huteleza kabla mtu hajajua kinachoendelea. Milima ya Chyulu na Mlima Suswa nchini Kenya ina mapango ya aina nyingine kabisa: ni mifereji iliyoachwa na lava iliyotiririka ikapoa juu huku ndani ikiendelea kukimbia. Pango la Leviathan huko Chyulu lina urefu wa zaidi ya kilomita 10, na lava ya mifereji kama hiyo hukwaruza kama msasa. Anayetambaa huko bila glovu na vikinga magoti atatoka amechunika, hata pasipo kuanguka. Miguuni, gambuti ya soli yenye meno makubwa hufaa kwenye tope na bei yake si ya kutisha, ila kwenye mto unaozidi urefu wake hujaa maji na kuwa mzigo. Hapo buti la kufunga kamba ni bora zaidi. Kandambili sina la kuitetea: tope huivuta, kamba huchomoka, na mtu hubaki na mguu mtupu mahali asipopaona.

Kofia ngumu ndiyo inayobishaniwa zaidi. Husemwa kwamba dari la Amboni, sehemu nyingi, liko juu sana, na mawe hayadondoki ovyo. Sawa, lakini kwa kawaida kichwa ndicho hulifuata dari. Mtu ameinama mita kadhaa, amechoka, anadhani njia imefunguka, anasimama wima. Kofia iwe na mkanda wa kufunga kidevuni, kwa kuwa ile ya ujenzi isiyo na mkanda hudondoka mara tu mtu anapotazama juu. Faida yake ya pili ni kubeba taa. Tochi ya simu hunyima mkono mmoja kazi, na mkono huo ndio uliotakiwa kushika ukuta. Desturi ya wataalamu wa mapango ni kila mtu kuwa na vyanzo vitatu vya mwanga, na kwa ziara fupi yenye mwongozaji mimi ningekubali viwili.

Limebaki jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya hulipita haraka, nasi hatuna ruhusa ya kulipita. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa ametembelea Kitum aliugua ugonjwa wa Marburg, akafariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15, naye aliyetembelea pango hilohilo, alifariki. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda, wanamokaa maelfu ya popo wala matunda. Ni popo hao, wa aina ya Rousettus aegyptiacus, waliothibitishwa baadaye kuwa wabebaji wa virusi vya Marburg. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka anayeingia pango lenye kundi la popo hao avae glovu na nguo za kinga, pamoja na barakoa. Tena vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba vijimbegu vya kuvu inayoshambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini kama hilo; inatakiwa ile ya kubana vizuri puani, inayovaliwa na mafundi kwenye kazi za vumbi. Vilevile nguo zivuliwe nje, ziwekwe kwenye mfuko peke yake, zifuliwe kwa maji moto na sabuni. Usafi huo unawasaidia popo pia. Amerika Kaskazini, tangu 2006, kuvu ya ugonjwa wa pua nyeupe imeua mamilioni ya popo, na wageni wa mapango huko huagizwa kusafisha nguo na viatu ili wasiihamishe kutoka pango hadi pango.

Kuna pingamizi lenye uzito: wazee wetu waliingia mapangoni peku, wakatambika humo, na wapiganaji wa Mau Mau waliishi humo. Ni kweli. Ila watambikaji hurudi sehemu ileile wanayoijua kwa miaka, na wapiganaji waliingia kwa sababu nje kulikuwa na bunduki. Mgeni wa saa mbili hana ujuzi wa hao wa kwanza wala dharura ya hao wa pili. Na masimulizi tuliyonayo ni ya waliotoka.

Kuhusu gharama, si lazima kununua vyote kwa siku moja. Mwenye fedha ya kitu kimoja anayekwenda Amboni angeanza na kofia yenye taa. Anayekwenda Chyulu angeanza na glovu ngumu za kazi. Kwa pango lenye popo wala matunda ningesema barakoa na glovu kwanza, na akizikosa, abaki nje aangalie popo wakitoka jioni.