Kwa nini mzee huulizwa kuhusu miraa kabla ya nusukaputi

Mzee anapovunjika nyonga au kuhitaji kupasuliwa henia, jamaa zake huogopa kisu. Hata hivyo, moyo wake hutiwa kwenye mizani hata kabla ya ngozi kukatwa, pale anapodungwa dawa ya nusukaputi.

Dawa nyingi za aina hiyo hulegeza mishipa ya damu na kupunguza nguvu za moyo, hivyo shinikizo la damu hushuka. Mwili wa kijana hutambua upungufu huo mara moja na kuongeza mapigo ya moyo. Kwa mtu wa miaka 75, mishipa imekakamaa na moyo huitikia kwa uzito. Shinikizo likikaa chini kwa muda, ubongo, figo na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha.

Isitoshe, damu ya mzee huzunguka polepole, na dawa huchelewa kufika kwenye ubongo. Akiongezewa kwa pupa, shinikizo huweza kuporomoka ghafla. Ndiyo maana wataalamu humpa kipimo kidogo, tena taratibu.

Katika kaunti za Meru na Embu kuna jambo jingine. Miraa ya Igembe na Tigania, sawa na muguka wa Mbeere, ina kathinoni, kemikali inayobana mishipa, kuharakisha mapigo na kupandisha shinikizo. Mzee aliyetafuna usiku wa kuamkia upasuaji huenda akalazwa mezani moyo wake ukiwa tayari unakwenda mbio, na mapigo yakavurugika akiwa usingizini. Akificha kwa kuona haya, mtaalamu hana njia rahisi ya kujua.

Dawa za presha nazo zahitaji uangalifu. Baadhi husimamishwa asubuhi ya upasuaji, ilhali zile za kutuliza mapigo ni hatari kuachwa ghafla. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa mgonjwa wala jirani.

Kufunga kupita kiasi pia hudhuru, kwani mwili uliokaukiwa maji hushukwa na shinikizo upesi zaidi. Kwa kawaida chakula husitishwa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2, isipokuwa daktari aagize vingine.

Umri pekee haumzuii mzee kupasuliwa. Jamaa wanaomsindikiza hospitalini wabebe dawa zake zote, zikiwemo za mitishamba, na kusema wazi alitafuna lini mara ya mwisho.