Kondoo wa Kendu Bay na Kinachomsindikiza Kwenye Sahani

Mchuzi wa kondoo ukipoa, utando mweupe wa mafuta hutanda juu ya sufuria na midomo ya mlaji hushikana. Ndiyo sababu wengi huamini kwamba mafuta hayo huganda tumboni na kuziba njia. Sivyo. Nyongo huyavunja yakawa matone madogo mno, vimeng'enya vya kongosho vikayasaga, na utumbo mwembamba ukafyonza sehemu yake kubwa. Utumbo mpana, kwa upande wake, unategemea zaidi nyuzinyuzi zisizosagika. Bakteria wa humo huzichachua na kutoa butireti, ambayo ndiyo lishe ya ukuta wa utumbo wenyewe. Kwa hiyo, kondoo anapochinjwa Kendu Bay, iwe ni Idd au ni siku ya wageni, cha kuuliza ni nyama hiyo inaliwa na nini: ugali wa mtama na muhogo pamoja na mboga za majani kama osuga, dek au apoth, au ugali wa unga wa pakiti uliokobolewa, chipsi na soda?

Ushahidi kwamba kinachoandamana na nyama ndicho muhimu umetoka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 1972 akiwa na wenzake kwamba chakula kilipita upesi zaidi matumboni mwa Waafrika wa vijijini, waliokula nyuzinyuzi nyingi, kuliko mwa Waingereza. Mwaka 2025, utafiti uliofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77 ulionyesha kwamba wiki mbili tu za kuacha chakula cha asili na kula cha kizungu zilitosha kuongeza dalili za uvimbe mwilini.

Wapo watakaotaja Wamaasai, walaji wa mafuta wenye mioyo imara. Lakini mtafiti George Mann, aliyewachunguza miaka ya 1960, alitazama moyo, si utumbo. Tena hao ni watu wa kutembea mchana kutwa, na supu yao hutiwa magome ya miti. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mafuta mengi huita nyongo nyingi. Kwa panya wa maabara wenye mwelekeo wa kuugua utumbo, mafuta ya maziwa yalistawisha bakteria wa Bilophila na kuchochea uvimbe. Hilo nalikubali, na ndiyo maana kipimo ni muhimu, hasa kwa mwenye mawe ya nyongo. Ila kijiko kimoja cha mafuta ya kondoo kikikaangia osuga, mwili hufyonza vizuri zaidi karotini iliyo katika majani yake.