Tumbawe Likiugua, Pima Maji Kwanza

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Wengi wetu tumekwisha kuona matumbawe, ama ufukweni maji yakipwa, ama katika kuta za nyumba za kale za miji ya mwambao. Kwa kuwa ni magumu, watu hudhani ni mawe tu. Wengine, wakiyaona yametoa matawi, hudhani ni mimea. Kumbe sivyo. Tumbawe ni kundi la vinyama vidogo vilivyo laini, kila kimoja kina mdomo na mikono midogo ya kukamatia chakula, na lile jiwe ni mifupa yake, iliyojengwa kwa chokaa itokayo katika maji ya bahari. Ndani ya nyama hiyo laini huishi vijimea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Vijimea hivyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Naye mwenyeji huvipa makao.

Tumbawe laweza kufugwa hata nyumbani, katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi, taa kali, na pampu ya kuyaendesha maji yasitulie. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika kueleza jinsi alivyofuga viumbe vya mwambani kwa njia kama hii, na tangu hapo wafugaji wameenea nchi nyingi. Mmoja wao ni mjomba wangu akaaye Maskat, Omani. Kisa nitakachoeleza nilikiona kwake wakati wa likizo.

Mjomba alikuwa na tumbawe la matawi, la jamii iitwayo akropora. Alilipata kwa mfugaji mwenzake likiwa kijiti cha urefu wa kidole, akalitunza miaka miwili hata likawa na upana wa sahani. Asubuhi moja tuliona nyama ya shina imebanduka, na mfupa mweupe unaonekana. Siku ya tatu weupe ulikuwa umepanda juu zaidi. Mjomba alikwenda dukani akarudi na chupa tatu za dawa. Bahati njema, alikuwapo mzee mmoja rafiki yake, mfugaji wa siku nyingi, akamwambia, "Ukizitia zote, likipona hutajua lililoliponya, na likifa hutajua lililoliua. Tazama kwanza, kisha pima."

Basi, mtu atazame nini? Dalili ni nyingi, lakini nne ndizo kubwa.

Ya kwanza ni kupauka. Tumbawe huwa jeupe, lakini ukilitazama kwa karibu waona nyama ingalipo, tena yang'aa kama kioo. Maana yake vijimea vimetoka, na mara nyingi sababu ni joto kupita kiasi au mwanga mkali wa ghafula. Tumbawe la namna hii halijafa; laweza kupona sababu ikiondolewa mapema.

Ya pili ni nyama kubanduka na kuacha mfupa mtupu. Hii ni hatari zaidi, kwani palipobanduka hapana uhai tena. Ikienea kwa saa chache, yafaa kukata matawi yaliyo mazima upesi. Ikipanda polepole kutoka shinani, mara nyingi kosa limo katika maji.

Ya tatu ni rangi kugeuka kuwa hudhurungi iliyofifia. Hapo vijimea vimezidi, kwa sababu maji yana nitrati na fosfati nyingi zitokazo katika chakula na kinyesi cha samaki, au kwa sababu mwanga ni mdogo.

Ya nne ni mabaka madogo hapa na pale. Huenda wako minyoo bapa wanaolila, au huenda jirani yake analichoma, kwani matumbawe nayo hupigana wakati wa usiku kwa mikono yenye sumu.

Tumbawe la mjomba lilikuwa na dalili ya pili, ya mwendo wa polepole. Hapakuwa na mabaka wala minyoo. Tukaanza kupima. Joto lilikuwa sentigredi 26, nalo ni joto zuri. Amonia haikuwapo. Nitrati ilikuwa kidogo. Lakini kalsiamu ilikuwa miligramu 330 katika lita moja, hali yafaa iwe 400 hadi 450. Magnesiamu ilikuwa 1020, hali yafaa ikaribie 1300. Nao uwezo wa maji wa kuzuia asidi, ambao wafugaji huupima kwa digrii, ulikuwa kidogo zaidi ya 6, hali mjomba alikuwa akiuweka 8.

Mjomba alitaka kuongeza kalsiamu papo hapo. Mzee akamzuia mara ya pili, akaniambia nipige hesabu. Nikaona kwamba vitu vyote vitatu vimepungua kwa kiasi kimoja, yaani karibu sehemu moja katika tano. Kama tumbawe ndilo lililovila, magnesiamu isingalipungua kiasi hicho, kwani tumbawe huitumia kidogo sana. Vitu vyote vikipungua pamoja, maana yake ni moja: maji yametiwa maji, kama maziwa ya mchuuzi mdanganyifu.

Mjomba alishangaa, kwa kuwa alipima chumvi kila juma. Chombo chake ni kisanduku cha plastiki chenye mshale, na mshale hupanda maji yakiwa na chumvi nyingi. Kila mara ulionyesha chumvi imezidi, naye akapunguza maji ya tangi na kutia maji yasiyo na chumvi. Sasa tukakipima kile chombo chenyewe. Nilipima gramu 37 za chumvi safi iliyo kavu, nikaiyeyusha katika gramu 963 za maji safi. Mchanganyiko huo una uzito sawa na maji ya bahari, na mshale ulipasa kusimama kwenye 1.026. Ukasimama kwenye 1.031! Tulipotazama vizuri, tuliona mapovu madogo ya hewa yameushika mshale na kuuinua. Tukaosha chombo kwa siki, tukakigonga mapovu yatoke, na mshale ukashuka hadi 1.026. Kisha tukapima maji ya tangi: 1.021. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kipimo.

Tiba haikuhitaji hata chupa moja. Mjomba alirudisha chumvi kwa kiasi kisichozidi 0.001 kwa siku, kwani kiumbe kilichozoea hali mbaya huumia pia kikirudishwa ghafula kwenye hali njema. Chumvi iliporudi, vile vitu vingine navyo vilirudi. Kisha alikata matawi matano juu kidogo ya mstari wa ugonjwa, akayagandisha kwa gundi juu ya vipande vya jiwe. Shina lilikufa. Katika matawi matano, mawili yalikufa na matatu yakaishi. Nilipoondoka, nyama ilikuwa imeanza kutambaa juu ya gundi.

Wasomaji wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza latuhusu sisi tuingiao maabara: namba haiwi kweli kwa kuwa imetoka katika chombo. Chombo nacho hupimwa. La pili latuhusu sote tuliozaliwa karibu na bahari. Mjomba aliweza kurekebisha maji kwa sababu tangi lake ni dogo. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yakapauka, na mengi yakafa. Mwaka 2016 joto lilirudi tena. Hapana mtu awezaye kuyabadili maji ya bahari kwa ndoo. Tuwezalo ni kutoyaongezea matumbawe ugonjwa mwingine, kwa kutoyakanyaga, kutoyavunja kwa nanga, na kutovua kwa baruti. Mgonjwa aliyeachwa apumzike huwa na nafasi ya kupona.