Nyigu Anayewinda Chonga: Tusimuue, Wala Tusimwachie Kazi Yote

Ukipita mashamba ya minazi ya Kwale na Kilifi, utaona makuti yaliyokatika pande zote mbili, umbo la herufi V, kama yaliyopitishwa mkasi. Hiyo ni kazi ya chonga, yule dundu mweusi mwenye pembe moja kichwani, ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros. Usiku huruka hadi kileleni, akatoboa na kunyonya utomvu wa makuti machanga yakiwa bado yamekunjwa. Mnazi mkubwa huweza kustahimili. Mche ukitobolewa moyo, mara nyingi ndio mwisho wake, na miaka ya kungoja dafu la kwanza huanza upya.

Majirani huniuliza ni dawa gani wapulize. Nami huwauliza: ule mnazi uliokufa mwaka juzi bado umesimama? Lile jaa la samadi nyuma ya zizi limefukuliwa lini? Maana chonga anayekula kileleni hakuzaliwa kileleni. Jike hutaga mayai kwenye magogo yaliyooza, visiki na samadi. Huko hutoka funza mnene, mweupe, mwenye kichwa cha hudhurungi, aliyejikunja kama mwezi mchanga. Funza huyo hula uozo kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka dundu. Vita vyetu, basi, viko chini kabla ya kuwa juu.

Na huko chini tunaye msaidizi. Ni nyigu mkubwa mweusi, mwenye mabawa yenye mng'ao wa buluu na papasi nyekundu, anayeitwa Scolia ruficornis. Haishi kwa makundi wala hajengi kiota darini. Jike huchimba ndani ya samadi au uozo laini akimtafuta funza. Akimpata, humchoma mwiba hadi anapooza, kisha hutaga yai moja tumboni mwake. Mtoto wa nyigu hutoka na kumla funza akiwa pale pale, halafu hujifungia kwenye kifuko cha hariri cha rangi ya hudhurungi hadi atoke na mabawa yake. Akikua, chakula chake ni asali ya maua.

Nyigu hawa wa kimelea hawawindi kila mdudu. Kila aina ina eneo lake na dundu wake. Huyu wetu wa Afrika huwawinda chonga na jamaa zake wa karibu. Madagaska, ile Bukini ya wazee, wana wao, Scolia oryctophaga. Mwaka 1917 alipelekwa Morisi, ambako dundu mwingine wa ukoo wa chonga, Oryctes tarandus, alikuwa akiangamiza miwa. Akatulia huko, na dundu akapungua sana. Kabla ya hapo Morisi walikuwa wamemleta nyigu mwingine, Tiphia parallela, kutoka Barbados. Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu dundu aliyewasumbua safari hiyo naye alitoka Barbados. Walimfuata adui hadi kwao, wakamtafuta anayemla huko.

Wa kwetu naye amesafiri. Mwaka 1909 dundu wa Asia, Oryctes rhinoceros, aliingia Samoa pamoja na miche ya mipira kutoka Sri Lanka, akaanza kumaliza minazi ya visiwani. Katika miaka ya 1940 watu wa Pasifiki walikuja kuchukua nyigu Zanzibar, wakawaachilia Samoa na Palau. Nyigu wakazoea na kuzaana, lakini minazi haikupona kama ilivyotarajiwa. Sababu ni nyepesi: nyigu huyu huchimba mahali palipolainika, kama samadi na lundo la unga wa mbao. Funza aliyejificha ndani ya gogo gumu, au kwenye mnazi mkavu uliosimama, hamfikii. Samoa walipata nafuu kubwa baadaye, kwa kirusi cha dundu huyo kilichogunduliwa Malaysia mwaka 1963 na kupelekwa kwao mwaka 1967.

Hapo ndipo naona somo letu. Jaa ni la nyigu. Gogo ni letu. Mnazi uliokufa ukatwe usisimame. Shina linalofaa mbao lipasuliwe, linalobaki likatwe vipande na kuchomwa, kisiki king'olewe. Shamba lenye minazi mikavu imesimama ni kiwanda cha chonga, hata kama majaa yake yamejaa nyigu.

Kwenye jaa, fukua mara kwa mara ukiokota funza, kuku watakushukuru. Lakini tazama kabla ya kutupa. Funza aliyelegea, asiyejikunja ukimgusa, mwenye yai au kijidudu kimeng'ang'ania tumboni, mrudishe alipokuwa. Vile vifuko vya hudhurungi vivyo hivyo. Huyo unayemfukia ni nyigu wa kesho. Sumu ikimwagwa pale huwaua wote wawili, mwizi na askari wake.

Najua watu wa Pwani tukisikia nyigu tunatafuta mwenge. Wale wa makundi wana ukali wao, sibishi. Huyu mweusi anayezunguka peke yake juu ya samadi hatakufukuza. Jike anao mwiba, ila huutumia kwako ukimshika. Mwache apite. Watu wa visiwa vya mbali walivuka bahari kuja kumchukua, nasi tunaye bure nyuma ya zizi.