Kabla ya Kununua Plagini Nyingine

Anayeusikiliza muziki wa amapiano kwa makini hutambua upesi kinachoubeba. Ni besi nzito yenye mlio wa gogo, inayoteleza kutoka noti hadi noti na kujibizana na ngoma badala ya kuzifuata nyuma. Wenyewe huiita logi dramu. Kutoka Gauteng, Afrika Kusini, mtindo huo ulipanda hadi Dar es Salaam, na kufikia mwaka 2023 Jux na Diamond Platnumz walikuwa wakiwachezesha watu kwa “Enjoy”, wimbo uliojengwa juu ya mdundo wa amapiano.

Mlio huo haukutoka kwenye chombo cha gharama. Chimbuko lake ni sauti iliyopangwa tayari ndani ya Fruity DX10, ala ndogo inayokuja pamoja na FL Studio, programu ya kutengenezea biti inayotoka kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Prodyuza anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeuingiza katika amapiano ni MDU, anayejulikana pia kama TRP. Ala yenyewe ilikuwa mle siku zote. Wengi waliifungua, wakaonja sauti mbili tatu, wakaendelea na safari. Yeye alikaa nayo.

Karibu kila programu ya kutunga muziki, iwe FL Studio, Logic Pro, Cubase, Ableton Live au GarageBand, huja na ala zake: piano, ngoma, sinthesaiza, na sampla ya kupigia sauti zilizorekodiwa. Plagini ni ala, au kifaa cha kupamba sauti, kilichotengenezwa na kampuni nyingine na kuchomekwa ndani ya programu hiyo. Mlango huo ulifunguliwa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilipoleta teknolojia ya VST ndani ya Cubase mwaka 1996. Mwanzoni ilihusu mapambo ya sauti tu, kama mwangwi. Mwaka 1999 toleo la pili likaruhusu ala kamili zinazopigwa kwa kinanda, na tangu hapo mtu hakulazimika tena kununua mashine nyingine kila alipotaka mlio mpya.

Mpaka kati ya makundi haya mawili si mgumu kama matangazo ya biashara yanavyoufanya uonekane. Hiyo DX10 yenyewe ina asili ya plagini ya bure ya Maxim Digital Audio, nayo hutumia mbinu ya wimbi moja la sauti kulitikisa jingine, iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 na kuenezwa duniani na kinanda cha Yamaha DX7 mwaka 1983. Alchemy nayo ilikuwa plagini ya kununua ya kampuni ya Camel Audio ya Uingereza. Apple ilipoichukua kampuni hiyo mwaka 2015, Alchemy ikawekwa ndani ya Logic Pro bila malipo ya ziada, na waliotaka kuinunua kwa ajili ya kompyuta za Windows wakafungiwa mlango.

Kwa hiyo swali la “ipi bora” linaanzia pabaya. La kuuliza ni hili: mtunzi ameizoea kiasi gani ala aliyonayo? “Umbrella” ya Rihanna, iliyotikisa dunia mwaka 2007, inasimama juu ya mdundo wa ngoma uliochukuliwa kutoka maktaba ya GarageBand, programu ambayo Apple huwapa wenye kompyuta zake. Grimes alitumia GarageBand hiyohiyo kutengeneza albamu yake “Visions” ya mwaka 2012. Steve Lacy naye alijulikana kwa kutunga kwa simu ya iPhone, na mkono wake umo katika albamu “DAMN.” ya Kendrick Lamar ya mwaka 2017. Hakuna kati yao aliyesubiri vifaa vikamilike ndipo aanze.

Kwa kijana wa Mwanza au Mombasa anayejenga studio chumbani, jambo hili ni la fedha pia. Omnisphere, sinthesaiza maarufu ya Spectrasonics, imeuzwa kwa dola 499 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Fedha hizo zingenunua maikrofoni nzuri na spika za kusikilizia, vitu ambavyo kila wimbo utavihitaji. Wengi hukimbilia nakala zilizovunjwa kufuli. Humo ndimo virusi hujificha, na aliyetengeneza ala hapati hata senti. Mwanamuziki anayelalamika nyimbo zake kuibwa ana kila sababu ya kuliona hilo. FL Studio, kwa upande wake, humpa mnunuzi masasisho ya maisha yote kwa malipo ya mara moja, pamoja na ala zake nyingi.

Tabu nyingine hujitokeza kazi inapotoka studio moja kwenda nyingine. Prodyuza wa Nairobi akimtumia mwenzake wa Arusha faili la biti lenye plagini sita za kununua, mwenzake asipokuwa nazo atafungua faili na kukuta ala zimekaa kimya. Ala zilizomo ndani ya programu hazina shida hiyo, alimradi wote wawili wana programu ileile na toleo linalolingana. Hata mwenye faili hayuko salama mbele ya muda. Apple ilipoacha kuzikubali programu za mfumo wa 32-bit katika macOS Catalina mwaka 2019, plagini nyingi za zamani zilikufa kwenye mashine zilizosasishwa, na kazi zilizozitegemea zikabaki na mapengo. Busara ni kugeuza kila ala iwe faili la sauti mara wimbo unapokamilika.

Pamoja na hayo, plagini zina mahali ambapo hazina mbadala rahisi. Anayetaka okestra yenye vinanda vya nyuzi vilivyorekodiwa noti kwa noti, kwa upigaji laini na mzito, ataangalia maktaba za Kontakt, ya Native Instruments ya Berlin. Asiye na fedha ataanzia kwenye LABS ya Spitfire Audio ya London, au Vital ya Matt Tytel, iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na toleo la bure.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye ala zetu. Ilimba (ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo wa Dodoma, ambazo marehemu Hukwe Zawose alizipeleka hadi majukwaa ya Ulaya, ni nadra kukutwa katika orodha ya ala za programu yoyote. Sampla iliyomo inaweza kulijaza pengo hilo kwa sehemu: mtu hurekodi kila ulimi wa ilimba mara kadhaa, kwa nguvu tofauti, kisha huzipanga sauti hizo kwenye kinanda. Tatizo huja anapotaka sinthesaiza iimbe pamoja nayo. Muziki wa Wagogo hufuata sauti asilia zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unaotikisika, na sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Piano ikipigwa juu ya ilimba, sikio linagoma.

Hapa plagini inastahili nafasi yake. Surge XT, sinthesaiza ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, hupokea faili za Scala zinazoeleza umbali kati ya noti na noti. Mtunzi wa Dodoma anaweza kupima ilimba ya fundi wa kijijini kwake, akaandika vipimo hivyo kwenye faili, na besi yake ya kielektroniki ikashika sauti zilezile za ilimba.